Ukoo Mzima Ndani ya Dumu Moja: Sabuni ya Maji Inavyosomwa kwa Tungamo

Jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, hutengeneza sabuni ya maji nyuma ya nyumba yake na kuwauzia mama lishe, saluni na nyumba za wageni. Siku moja alikuja na chupa mbili zilizojaa sabuni, akaziweka mezani kwangu.

"Mwalimu, hii nimeitengeneza wiki iliyopita, hii jana. Vipimo vilevile, maji yaleyale ya bomba. Mbona hii nzito kama asali, na hii inakimbia kama uji wa mgonjwa?"

Nikamuuliza kama ameongeza chumvi, maana kila anayetengeneza sabuni ya maji anajua kwamba chumvi ndiyo huifanya iwe nzito.

"Nimeongeza, Mwalimu. Ndiyo kwanza ikazidi kuwa maji."

Kilichobadilika kati ya wiki hizo mbili kilikuwa kimoja tu, dumu la slesi, ile malighafi ya sabuni ya maji. La zamani lilikwisha, akanunua jingine kwa muuzaji mwingine. Jina lilelile, rangi ileile nyeupe yenye mng'ao kidogo, ute uleule unaogoma kumiminika mpaka uukombe kwa mwiko. Kwa macho na kwa vidole, mimi na yeye hatukuona tofauti. Swali lake nimetembea nalo tangu siku ile. Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo wengi wetu tunaonunua dumu, kilo au robo hatuambiwi: jina lililoandikwa juu ya dumu si jina la kitu kimoja. Ni jina la ukoo. Na ipo mashine, spektromita ya tungamo (yaani ya kupima uzito wa molekuli), inayoweza kuwaita wanaukoo mmoja mmoja.

Kwanza tujue ni ukoo gani. Slesi (wengine huiita ungaroli), salfoniki na CDE, ambazo zote ni malighafi za sabuni ya maji, na hata mche wa sabuni ya mawese, vyote ni safaktanti. Safaktanti ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukiitia majini hukimbilia juu, kichwa kikabaki ndani ya maji na mkia ukatazama hewani, na huko hulegeza ile ngozi isiyoonekana inayoushika uso wa maji. Maji safi kwenye nyuzi joto 25 yana mvutano wa uso wa takribani milinyutoni 72 kwa mita. Sabuni huushusha hadi thelathini na kitu. Ndiyo sababu maji ya sabuni hupenya kwenye nyuzi za kanga mahali ambapo maji matupu huviringika na kuanguka. Molekuli zikijaa juu, zinazobaki hujikusanya ndani ya maji kwa vikundi, mikia ndani na vichwa nje, na mafuta ya mgebuka yaliyoganda kwenye sahani hufungiwa humo katikati na kuondoka na maji.

Sisi wa Kigoma tuna bahati ya kuuona ukoo huu ukizaliwa mbele ya macho yetu. Tunda moja la mchikichi hutoa mafuta ya aina mbili. Nyama yake ya nje hutoa mawese mekundu. Mbegu iliyo ndani ya kokwa, yaani mise, hutoa mafuta yasiyo na wekundu huo. Mafuta haya hutoka kwenye tunda moja lakini mikia yake haifanani. Katika mawese, asidi ya palmitiki yenye kaboni 16 ni takribani asilimia 44, asidi ya oleiki yenye kaboni 18 ni karibu asilimia 39, na linoleiki ni kama asilimia 10. Katika mafuta ya mise, karibu nusu nzima ni asidi ya lauriki, mkia mfupi wa kaboni 12. Mtengenezaji akichemsha mafuta hayo na kostik soda, kila mkia hupata kichwa cha sodiamu, na mche ukishakauka una sabuni nne, tano, sita zilizokaa pamoja. Anayechanganya mafuta ya mise kwenye mawese ili povu liongezeke anaujua ukoo huu kwa mikono yake, hata kama hakuwahi kusikia neno lauriki.

Salfoniki ina ukoo mkubwa zaidi. Kichwa chake ni kundi la salfa na oksijeni lililobandikwa kwenye pete ya kaboni sita, na pete hiyo imeshikizwa kwenye mkia ulionyooka wenye kaboni 10, 11, 12 au 13. Haishikizwi ncha ya mkia. Hushika kaboni ya pili, au ya tatu, au ya nne, kuendelea hadi katikati. Hesabu mwenyewe: mkia wa kaboni 10 una nafasi 4, wa 11 una 5, wa 12 una 5, wa 13 una 6. Ndani ya dumu moja la salfoniki kuna aina 20 za molekuli kabla hata hujahesabu uchafu uliobaki kiwandani.

Slesi ndiyo iliyomletea jirani yangu taabu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Huanza na alkoholi yenye mkia wa kaboni 12, pamoja na kiasi fulani cha kaboni 14, ambayo mara nyingi hutokana na mafuta ya nazi au haya haya ya mise. Kiwandani alkoholi hiyo hukutanishwa na gesi ya ethilini oksaidi. Kila kipande cha gesi hiyo kikijishikiza huongeza pingili moja kati ya mkia na kichwa. Lakini pingili hazigawanywi kwa zamu kama wali wa shughuli. Molekuli nyingine haipati hata moja, nyingine hupata moja, nyingine mbili, nyingine tano, nyingine nane. Baada ya hapo hubandikwa kichwa cha salfeti na sodiamu. Karatasi ya kiwanda ikisema slesi hii ina pingili mbili, inasema wastani. Ni kama kusema kaya za mtaa huu zina wastani wa watoto wawili: ni kweli, na bado huwezi kujua nyumba ipi haina mtoto na ipi inao saba.

Kwa hiyo swali "ndani kuna nini?" lina kasoro tangu mwanzo. Swali linalofaa ni "ndani kuna nani na nani?" na ukishajibiwa hilo, la pili ni "kila mmoja yupo kwa kiasi gani?" Maswali haya mawili yana ugumu tofauti, na watu wengi huyachanganya.

Mashine inayojibu la kwanza ilianza kabla hata reli ya kati haijafika Kigoma. Mnamo 1912 na 1913, Mwingereza J. J. Thomson alipitisha chembe za gesi ya neoni zenye chaji ya umeme kwenye uga wa umeme na wa sumaku, akaona zimepinda kwa njia mbili badala ya moja: neoni ya 20 na neoni ya 22. Kitu kilichodhaniwa kimoja kilikuwa viwili. Francis Aston aliiboresha mashine hiyo mwaka 1919 na akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1922. Kanuni haijabadilika tangu hapo. Ipe molekuli chaji ili iwe ioni, isukume kwa umeme ndani ya ombwe, kisha pima jinsi inavyokwenda. Mwendo wake utakuambia tungamo lake.

Aina moja ya mashine hii hupima muda tu. Anayekaa Kibirizi ataielewa haraka. Chukua boti mbili zenye mashine za nguvu sawa, zikaondoka pamoja kwenda Kagunga. Moja imebeba mifuko michache, nyingine imejaa mpaka maji yanakaribia ukingo. Nyepesi itafika kwanza, na kama una saa nzuri unaweza kukadiria shehena ya kila moja bila kuiona. Ioni husukumwa kwa nishati ileile, kisha huachwa zikimbie kwenye bomba lisilo na hewa. Ioni yenye tungamo mara nne ya mwenzake hutumia muda mara mbili. Ikisukumwa kwa volti 10,000, ioni ya salfoniki huvuka mita moja kwa takribani maikrosekunde 13, yaani ukigawa sekunde moja vipande milioni, yenyewe hutumia vipande 13. Saa ya mashine lazima iwe kali kuliko hapo.

Kwa miaka mingi kikwazo kilikuwa hatua ya kwanza, ya kuipa molekuli chaji. Njia ya zamani ni kuigeuza molekuli kuwa mvuke na kuipiga kwa elektroni. Slesi haigeuki mvuke. Ukiipasha joto sana huvunjika na kuungua. Sabuni ya mche nayo ni chumvi na haikubali kupaa, ndiyo maana wanaoipima kwa njia hiyo huigeuza kwanza kuwa esta nyepesi za methili. Njia iliyofungua mlango kwa safaktanti nyingine ni ya kunyunyiza kwa umeme, ambayo John Fenn aliikuza miaka ya 1980 na iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002. Myeyusho husukumwa kupitia sindano nyembamba yenye volti elfu kadhaa. Unatoka kama ukungu wa vitone vyenye chaji. Gesi ya naitrojeni yenye joto huvikausha, vitone hunywea, chaji zinasongamana, vitone vinapasuka kuwa vidogo zaidi, mpaka ioni zinabaki peke yake hewani, nzima, hazijavunjika. Slesi na salfoniki tayari zina chaji hasi zikiwa majini, kwa hiyo kwao kazi ni kuvua maji tu.

Sasa tuchukue tone la sabuni ya jirani yangu. Tone moja, si kijiko. Kama sabuni ina asilimia 10 ya safaktanti, tone la mililita 0.05 lina takribani miligramu 5, na hilo linatosha kuzimuliwa kwenye lita 5 za maji na methanoli ili kufikia miligramu 1 kwa lita, ambayo mashine huisoma bila taabu. Anayemimina sabuni nzito moja kwa moja huichafua mashine kwa siku kadhaa. Safaktanti hung'ang'ania kila uso unaoguswa nazo. Hiyo ndiyo kazi yake duniani. Ndiyo sababu pia vyombo vya kipimo hiki havioshwi kwa sabuni hata kidogo. Husuuzwa kwa methanoli mara kadhaa, kisha maji safi. Nimewasisitizia wanafunzi wangu jambo hili kwa miaka mingi kwenye majaribio madogo kuliko haya: chombo kilichong'aa kwa sabuni bado kina sabuni.

Kinachotoka kwenye mashine ni mchoro wa mistari iliyosimama. Chini ni namba za tungamo kwa chaji, na urefu wa mstari ni wingi wa ioni zilizofika. Ukiangalia upande wa chaji hasi, salfoniki inajitokeza kwa mistari minne: 297, 311, 325, 339. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili, ya pili kwenye ya tatu. Kila mara unapata 14. Namba 14 ni kaboni moja na hidrojeni mbili, yaani mkia umerefuka kwa hatua moja. Ukiona ngazi ya 14 inayoanzia 297, umeona mikia ya kaboni 10, 11, 12 na 13. Huhitaji kubahatisha; ukoo umejipanga kwa umri.

Slesi ina ngazi yake. Asiye na pingili hata moja yuko 265. Mwenye moja yuko 309, mbili 353, tatu 397, nne 441. Tofauti ni 44 kila mara, na 44 ni kaboni mbili, hidrojeni nne na oksijeni moja, yaani pingili ya ethilini oksaidi. Pembeni yake kuna ngazi ya pili iliyopanda sambamba, 293, 337, 381, hawa ni ndugu wenye mkia wa kaboni 14. Hapa kuna siri ninayoipenda. Mimea hujenga mikia yake kwa kaboni mbili mbili, kwa hiyo mafuta ya mise na ya nazi hutoa 12, 14, 16, na si 13 wala 15 kwa kiasi cha kuonekana. Ukikuta ngazi nyingine inayoanzia 279, huyo ana kaboni 13, na alkoholi yake ilitoka kwenye mafuta ya petroli. Dumu haliandiki asili yake, lakini namba shufwa na witiri zinaisema.

Ukigeuza mashine isome chaji chanya, wanatokea waliokuwa wamejificha. CDE haina chaji yake yenyewe, kwa hiyo huazima: ikishika hidrojeni inatokea 288, ikishika sodiamu iliyojaa kwenye sabuni inatokea 310. Tofauti ya 22 kati ya mistari miwili ni alama ya kitu kilekile kilichovaa nguo mbili, na asiyejua hilo huandika kwenye ripoti kemikali mbili badala ya moja.

Kuna mtego mwingine, na huu unahusu hasa sabuni ya maji ya kwetu inayochanganya salfoniki na slesi kwenye pipa moja. Rudi kwenye namba 353. Nimesema ni slesi yenye pingili mbili. Lakini panda ngazi ya salfoniki: 297, 311, 325, 339, na hatua inayofuata ni 353, mkia wa kaboni 14, ambao huweza kuwamo kidogo. Wageni wawili, mlango mmoja. Mashine ya kawaida itaona mstari mmoja na kunyamaza.

Kuna njia mbili za kuwatenganisha. Ya kwanza ni usahihi. Atomu hazina tungamo la namba kamili: ukiiweka kaboni kuwa 12 kamili, oksijeni ni 15.9949. Slesi ile ni 353.2003 na salfoniki ile ni 353.2156. Tofauti ni 0.0153, ndogo sana, ila spektromita yenye uwezo mkubwa wa kutenganisha huiona kama mistari miwili. Njia ya pili ninaiona ya kuvutia zaidi kwa sababu haihitaji mashine ya bei hiyo: kuwavunja. Mashine huchagua ioni za 353 peke yake, inazigongesha kwenye gesi ya naitrojeni au agoni, kisha inapima vipande. Slesi hutoa kipande cha 97, ambacho ni salfeti yenye hidrojeni moja. Salfoniki hutoa 183, pete yake ikiwa na kichwa cha salfa na kisehemu cha mkia. Huwezi kumtambua mtu kwa uzito tu, lakini ukisikia anavyolia alipogongwa utajua ni mtoto wa nani.

Salfa yenyewe pia huacha alama. Katika kila atomu 100 za salfa, nne hivi ni nzito kwa hatua mbili, kwa hiyo kila mstari wa slesi au salfoniki unafuatwa na kimstari kidogo namba mbili mbele. Sabuni ya mche haina salfa, na kimstari hicho cha salfa hakipo. Mistari ya mche ni 199 kwa lauriki, 255 kwa palmitiki, 281 kwa oleiki, na aliyekuchuuzia sabuni ya mawese iliyochanganywa na kitu kingine hana pa kujificha.

Hapo ndipo wengi huishia, wakidhani kazi imekwisha: mistari ipo, majina yapo, basi mstari mrefu ni kiasi kikubwa. Hapana. Urefu wa mstari si asilimia. Kumbuka kwamba ioni hutoka kwenye vitone vya ukungu, na safaktanti yenye mkia mrefu hupenda uso wa kitone kuliko yenye mkia mfupi. Aliye usoni huruka kwanza na kuonekana wengi. Aliye ndani hunyimwa nafasi. Salfoniki nyingi inaweza kumfunika CDE mpaka aonekane hayupo. Mchunguzi anayetaka kiasi lazima awe na safaktanti halisi ya kiasi kinachojulikana ya kulinganisha nayo, mmoja kwa kila aina, na mara nyingi huwapitisha wote kwanza kwenye safu ya kromatografia ili wafike kwenye sindano kwa foleni badala ya kusukumana mlangoni. Ripoti inayotoa asilimia bila kueleza ilivyolinganishwa naiona haifai kulipiwa.

Na yapo ambayo njia hii haiyaoni kabisa. Chumvi, magadi, maji na salfeti ya sodiamu inayojazwa kwenye sabuni za unga hazitokei kwenye ngazi zetu, ingawa zinaweza kuwa sehemu kubwa ya pakiti kuliko safaktanti yenyewe. Haioni pia diokseni, mabaki ya kutengeneza slesi yenye tungamo 88, ambayo hupaa kirahisi na hupimwa kwa njia ya mvuke. Kwa afya ya mtumiaji hilo la diokseni ni kubwa, na anayepeleka sampuli aliulizie peke yake.

Kwa nini tujisumbue kujua majina yote haya? Kwa jirani yangu ni biashara. Kwa mji wetu ni ziwa. Pale Ujiji na Katonga nguo na vyombo huoshwa ufukoni, na kinachooshwa kwenye makaro juu ya mlima hatimaye hushuka na mvua. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake ni karibu 9, na yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu. Magnesiamu hushikana na sabuni ya mche na kufanya ule utando mweupe unaobaki kwenye beseni. Sabuni nyingine inapotea hivyo kabla haijagusa uchafu. Safaktanti za salfa hazisumbuliwi kiasi hicho, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizozifanya zienee ulimwenguni.

Lakini umbo la mkia wao ndilo linaloamua kama ziwa litazila au zitabaki. Salfoniki ya zamani, miaka ya 1950, ilikuwa na mkia wenye matawi. Bakteria hawakuweza kuula vizuri, na mito ya Ulaya na Marekani ikajaa povu lililosimama kama theluji. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1961, na kufikia 1965 viwanda vya Marekani vilikuwa vimehamia mkia ulionyooka. Sasa sikiliza jambo hili: salfoniki ya matawi yenye kaboni 12 na ya kunyooka yenye kaboni 12 zote ziko 325. Tungamo ni lilelile hata kwa mashine sahihi kuliko zote, kwa sababu atomu ni zilezile, zimepangwa tofauti tu. Ni kwa kuzivunja ndipo zinatengana: ya kunyooka hutoa 183, ya matawi hutoa zaidi 197. Mtu akitaka kuuza shehena ya zamani kwa jina jipya, namba hizo mbili ndizo mlinzi.

Hata mkia ulionyooka una masharti. Bakteria huula wakiwa na oksijeni, wakianzia nchani na kukata kaboni mbili mbili, na spektromita inaweza kuwafuata hatua kwa hatua kwa mabaki yanayopungua kwa 28. Pasipo oksijeni huchelewa sana. Ziwa letu lina kina cha takribani mita 1,470, na upande wa kaskazini oksijeni huishia karibu mita 100. Chini ya hapo ni maji makubwa, ya kale, yasiyo na pumzi. Kinachozama na matope kabla hakijaliwa kinakwenda mahali pasipo na mlaji. Sisemi ziwa limeharibika kwa salfoniki. Nasema hili ni ziwa ambalo dagaa wake tunawala kila siku, na kila kinachoingia humo kinapaswa kujulikana kwa jina lake kamili.

Yako majina mengine ya kuangaliwa kwa jicho kali kuliko haya. Safaktanti za nonilifenoli hupanda nazo kwa ngazi ya 44, mwenye pingili tisa akiwa ameshika sodiamu yuko 639. Zikiliwa na bakteria huacha nonilifenoli, ambayo mwilini mwa samaki hujifanya homoni ya kike. Umoja wa Ulaya ulizibana tangu 2005. Ngazi ya 44 peke yake haitoshi kumjua mtu wa kuogopa. Lazima uone inaanzia wapi.

Narudi kwa jirani na chupa zake. Slesi na chumvi zina tabia moja: ukiongeza chumvi uzito hupanda hadi kilele, ukizidisha hushuka tena mpaka maji. Mahali pa kilele hicho hutegemea pingili. Slesi yenye wastani wa pingili moja au mbili hunenepa vizuri kwa chumvi. Yenye tatu hugoma, na mtengenezaji akidhani chumvi haijatosha huongeza, akavuka kilele bila kukiona. Hiyo ilikuwa dhana yangu ya kwanza. Ya pili ilikuwa kwamba dumu jipya limepunguzwa nguvu.

Ya pili tungeweza kuijaribu palepale. Slesi nzito huuzwa ikiwa asilimia 70, na ipo nyepesi ya asilimia 28 hivi. Tulipima gramu 10 za kila dumu kwa mzani wa dijitali wa shule, tukazipaka kwa utando mwembamba kwenye visahani viwili, tukazikausha taratibu mpaka mzani ukaacha kushuka. Kisahani cha dumu la zamani kilibaki na gramu saba na ushee. Cha dumu jipya pia, saba na ushee. Muuzaji hakupunguza kitu. Kiasi kilikuwa sawa. Inaelekea aliyebadilika ni ukoo wenyewe, na hapo mzani wetu ukawa hauna la kusema tena.

Tumejaza chupa mbili ndogo za kioo, tumezisuuza kwa methanoli mara tatu kabla ya kuzijaza, na kwenye karatasi ya maombi nimeandika chaji hasi, na kuvunjwa kwa 309, 353 na 397. Jirani ameuliza aangalie nini majibu yakija. Nimemwambia aweke michoro miwili sambamba na kutazama ngazi ya 44 kutoka 265: kama kwenye dumu jipya mistari mirefu imesogea kulia, kutoka 309 na 353 kwenda 397 na 441, basi asitegemee kipimo cha chumvi alichozoea, aitie kijiko kimoja kimoja, na akome mara tu sabuni inapoanza kushika mwiko.